Sogeeni Kushoto, Jamani

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke wewe Kantilal, fundi kamera wa Kariakoo, na meza yako dukani bado haijasogezwa hata inchi moja.

Tunakukumbuka kwa upole wako na ubishi wako, kwa pipi za tangawizi ulizowagawia wateja, na kwa habari za kile kiwanda cha kamera cha Ujerumani ulikofanya kazi ujanani. Kamera ilianza meza ya kwanza ikiwa vipande. Huyu anatia springi, yule anafunga lenzi, na meza ya mwisho, ya ukaguzi, ilikuwa yako. Uliibonyeza mara mia bila filamu, sikio juu yake, ukisikiliza pazia dogo la ndani likifunguka na kujifunga. Likikwama, kamera haipiti. Ukarudi Bongo na sheria ya huko: mkaguzi haondoki mezani mpaka kamera ya mwisho ipite.

Ukiwa wodini ukamfunga mwanao Sagar kwa sheria hiyohiyo. "Usifunge duka mpaka kamera zote za mezani zipite."

"Sawa, Baba," akasema. Angesema nini?

Hatukufichi, alinasa. Chuo cha ufundi Dodoma kilimwita akafundishe, na nafasi inaisha mwezi huu. Kamera thelathini na nane alizipitisha, wenyewe wakaja kuzichukua. Ikabaki moja, ile uliyorudi nayo kutoka kiwandani. Pazia lake linakwama, vipuri hakuna, na kiwanda chenyewe kilishakufa. Mwezi baada ya mwezi alikaa kwenye duka lile la hatua tatu, feni ikizungusha joto lilelile. Jirani yenu Awadhi, muuza vitenge, alichungulia siku moja akamtania, "Oya Sagar, umewekwa lokapu?" Hakucheka. Nyumbani Upanga alifika usiku, akala, akalala. Tulikukasirikia, Baba. Leo tunakiri.

Jumatatu iliyopita alibandua ngozi ya nje ya kamera hiyo, mahali ambapo hakuwahi kugusa. Chini yake palikuwa na kikaratasi cha ukaguzi chenye saini yako, na lile neno la Kijerumani ulilozoea kututania nalo chapati ikiungua, maana yake: haifai.

Akampelekea Mama. Mama hakushangaa.

"Nilijua, beta, mwanangu. Kule zikishindwa zinapondwa kwa nyundo. Hii ilimshinda kuiponda, akaificha ndani ya koti."

"Na picha zetu?"

"Zote alipigia hiyohiyo."

Tukatoa albamu. Harusi ya Falguni, Diwali za miaka yote, sisi tukiwa na mapengo: kila picha ina ukanda mweusi upande wa mkono wetu wa kulia, pale pazia lilipokwama. Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukipiga kelele, "Sogeeni kushoto, jamani!" Tulidhani ni usumbufu wa mafundi. Hukutaka hata mmoja wetu aingie gizani.

Sagar alicheka mpaka akalia. Mama akamfuta uso kwa pembe ya sari, akamwambia, "Hata yeye aliondoka mezani na isiyopita. Sasa kafunge duka."

Anafunga Jumamosi. Kamera yako anaenda nayo Dodoma, haijapita wala haitapita.

Unakumbukwa na mkeo Bharti, wanao Sagar na Falguni, mjukuu wako Bhoomi, na Awadhi wa mlango wa pili. Tutakukumbuka maisha yetu yote, Baba, na kila tukipigwa picha tutasogea kushoto.