Nyuzi Alizokata Mama

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kukanyaga cherehani. Ile picha yako ya vitambaa uliyoiacha kwangu, inayonionyesha nikishona, nimeipakia leo kwenye gari la mizigo. Keshokutwa itafika jumba la makumbusho ya sanaa. Umenipatia kweli, hata kidevu ni changu. Ila ulikuwa na haraka: nyuzi zilining'inia kutoka mikononi hadi chini. Nimezikata zote, nimekunja pindo, nimepiga pasi. Sasa inapendeza.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo. Mimi sijatulia hata kidogo.

Zile nyuzi ndizo zilikuwa picha. Nilizipanga uzi mmoja mmoja kwa miezi. Ndizo zilizonipa nafasi kati ya wasanii chipukizi wa hapa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutundika kazi kwenye jumba lile. Msimamizi wa maonyesho amesema nigandishe nyuzi nyingine kwa gundi kabla ya ufunguzi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama, kwa nini hukuniuliza?

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Tangu barua ile hujaandika tena, mpaka nimechoka kuchungulia mlangoni. Mimi mzima, na siombi radhi.

Unasema sikukuuliza. Wewe uliniuliza lini? Uso ni wangu, mikono ni yangu. Nguo ikitoka kwangu na uzi unaning'inia, mteja atanirudishia mbele za watu, na nimezeeka bila kurudishiwa. Leo mtoto wangu wa kumzaa anipeleke kwenye jumba kubwa, nitazamwe na watu na heshima zao, nikiwa fundi asiyemaliza kazi? Wewe uliona urembo, mimi niliona aibu. Kagandishe ukitaka. Lakini huyo atakuwa fundi mwingine, usiseme ni mama yako.

Mama

12 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole na kazi, na miguu pia. Barua yako iliniudhi sana kwa sababu ulisema kweli.

Gundi nilinunua. Nikapiga magoti mbele yako pale ukumbini, uzi mkononi, nikashindwa. Nikamwambia msimamizi kazi imekwisha, aliyechorwa ameimaliza mwenyewe, kwa hiyo kwenye kibao cha jina kando ya picha tuandikwe wawili. Akasema kibao ni cha msanii. Nikasema basi aandike wasanii. Akasema kama ni hivyo niibebe nirudi nayo nyumbani.

Nikaanza kuikunja. Niliikunja, Mama, pembe kwa pembe kama ulivyonifundisha. Mchongaji niliyepangiwa naye ukuta mmoja akaanza kushusha mbao zake, mfinyanzi naye akafungasha vyungu. Ufunguzi ulikuwa kesho yake na ukumbi ungebaki mtupu. Msimamizi akatoka, akarudi na kibao kipya.

Uko ukumbini, mtu akiingia tu anakutana na wewe. Jina lako limetangulia langu. Njoo.

Binti yako

15 Aprili

Mwanangu,

Salamu tutapeana tukionana. Jumamosi nafunga duka, wateja wanune wanavyotaka. Nimefurahi mpaka nimekata suruali ya mtu mguu mmoja mfupi.

Mwambie huyo msimamizi nakuja. Akae kando, asije akanieleza huyo aliyeko ukutani ni nani.

Mama yako