Mchezo Unaomngoja Baba

Nyumbani kwa Mzee Murjan,
Karibu na Olympic, Kibera,
Nairobi.
17 Mei 2025

Mpendwa kaka Riyadh,

Assalam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Halifax, wewe na wifi Jawahir, na kifua chake kiwe kimepona baada ya ile baridi. Huku tuko wazima, ila mimi nimechoka. Mgongo unauma kwa kumwinua Baba, na asubuhi bado nafundisha. Si ugonjwa, usiingiwe na hofu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unauliza hali ya Baba, unajijibu mwenyewe, kisha unaniaga.

Baba anakula. Mguu umepata nguvu kidogo, anafika mlangoni na mkongojo. Mkono wa kulia bado umelala. Kusema ndiko kulikokataa kabisa tangu alipopatwa na kiharusi Machi mwaka jana. Angeline, yule anayekuja Jumanne kumfanyisha mazoezi, alimpa mpira wa kuminya kwa mkono wa kushoto. Baba akautupa chini ya kitanda. Akapewa mwingine, nao akautupa. Angeline akaniambia, "Mtafutie kitu anachopenda. Huyu ni mtu mzima."

Sasa, unakumbuka ule mchezo wa chombo cha anga tuliokuwa tukicheza kwenye duka lake la kompyuta Kawangware, mashine zikikosa wateja? Fundi anazinduka peke yake ndani ya chombo kilichopotea, wenzake hawapo, na wewe unabonyeza milango na makabati hadi ajue arudi vipi nyumbani. Niliikuta CD yake kwenye sanduku la bati, chini ya karatasi za duka. Nikampelekea Kevin, anayetengeneza kompyuta pale Kawangware karibu na lilipokuwa duka letu. Akaigeuzageuza. "Hii ni ya kitambo sana, siz. Niachie hadi kesho." Kesho yake ikawa imekubali kwenye laptop yangu.

Mchezo wenyewe umekuwa mdogo, Riyadh. Zile picha tulizoziogopa ni miraba mitupu, nyota ni kama punje za mchele, na ile kompyuta ya chombo tuliyodhani inatutisha ina sauti ya redio isiyoshika vizuri. Wanafunzi wangu wangeucheka. Ila kuna jambo sikuliona utotoni. Mchezo huu hauna haraka. Hakuna saa, hakuna adui. Usipobonyeza kitu, yule fundi anasimama tu akipumua, anakungoja.

Na ninakuomba msamaha. Miaka ishirini na mitatu nimeamini wewe ndiye uliyeuharibu tukashindwa kuumaliza. Kumbe kuna waya kwenye chumba cha kwanza, nyuma ya kitanda, ambao hatukuuokota. Ukishatoka bila waya huo huwezi kurudi, na mchezo haukwambii. Unaendelea kucheza wiki nzima na umeshashindwa. Nilikutukana bure.

Baba nilimpa mausi ya kompyuta kwenye mkono wa kushoto. Siku ya kwanza alibonyeza ukuta. Siku ya tatu akafungua kabati. Siku hizi baada ya sala ya alasiri anaiangalia laptop kabla hajaniangalia mimi.

Alhamisi ya wiki iliyopita alikuwa amekwama kwenye mlango wa injini. Nusu saa nzima, mshale unatangatanga. Mimi nina madaftari ya kusahihisha, nguo zimelowa kwenye beseni, sijala tangu asubuhi. Nilijua jibu. Nikamnyang'anya mausi, nikabonyeza mara mbili, mlango ukafunguka.

Baba akaushika mkono wangu, akausukuma. Akasema, "Wacha."

Neno la kwanza baada ya miezi kumi na minne, na lilikuwa la kunikaripia. Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilienda nje nikakaa kando ya beseni nikalia, na nusu ya kilio ilikuwa hasira. Nimemwosha, nimemlisha, na hilo ndilo neno lililotoka. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nikaanza kuhesabu mambo ninayomfanyia kabla hajataka. Daktari akimuuliza, mimi najibu. Mgeni akimsalimu, mimi naitikia. Chai sijui mara ya mwisho nilimuuliza lini kama anaitaka.

Nikarudi ndani, nikaufunga ule mlango, nikamrudishia mausi. Aliufungua kesho yake, Ijumaa, mwenyewe. Tangu hapo ninamuuliza jambo kisha ninanyamaza. Inachosha kuliko kumwinua, kwa sababu jibu linaweza kuchukua dakika tano. Lakini linakuja. Ana "wacha", ana "chai", ana "bado". Jana aliita jina la Angeline, akalipata nusu.

Sasa nifike kwa jambo la ami Ilyas. Najua amekupigia. Anataka nyumba hii iandikwe jina lake, na Baba aweke kidole gumba kwenye karatasi, kwa kuwa eti hajielewi tena. Najua pia ulimwambia huna kinyongo iwapo mimi nimekubali. Sijakubali, na wala sijakataa. Si nyumba yangu.

Kikao ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya adhuhuri, ili barua hii ikuwahi. Ami Ilyas atakuwepo, na shangazi Bakhita. Nitaweka simu mezani mbele ya Baba ili nawe uwepo. Usiniulize mimi lolote.

Msalimie sana wifi Jawahir. Shangazi Bakhita anakusalimu, na Angeline pia, ingawa hamjuani. Mungu awafunike kwa rehema yake na awape riziki ya halali.

Ukitaka kujua Baba anasemaje kuhusu nyumba yake, muulize yeye. Kisha unyamaze, kaka. Ukisikia kimya, usidhani simu imekatika.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata nikichoka,
Sumaya