Madonge ya Mama Hayakuyeyuka Yenyewe

Oberwalda, Thüringen
2 Novemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Eckart,

Pokea salamu, maana Mama alitufunza kwamba hata uliyemkasirikia husalimiwa kwanza. Natumaini wewe, Marlies na watoto hamjambo, na baridi ya Winnipeg haijaanza kuwauma. Sisi huku wazima. Mama anapanda ngazi, anapasua vijiti, anakoka jiko lake mwenyewe. Hayo yasome mara mbili, kwa sababu nasikia umekubali kwamba hawezi tena.

Mimi hukuniuliza. Dada Gundula alikupigia simu jioni ya sikukuu ya kanisa, akakwambia Mama amekwisha, apelekwe nyumba ya wazee na nyumba yetu iuzwe. Nawe ukajibu, "Fanyeni mnavyoona." Mtu anayechagua mbwa hufikiri zaidi ya hapo.

Sasa sikia yaliyotokea, kutoka kwa aliyekuwepo.

Siku hiyo ya sikukuu Mama alikataa katakata kula hotelini. Nyama ya ng'ombe aliilaza kwenye siki na karafuu tangu katikati ya wiki. Kabichi nyekundu aliikata mwenyewe, akaipika na tofaa na mafuta ya bata bukini mpaka harufu ikafika barabarani. Jumapili asubuhi akakuna viazi vibichi vya kufinyangia madonge, akavikamua ndani ya mfuko wa kitani, na yale maji akayaacha kwenye bakuli yatulie. Wewe ni mtoto wa Oberwalda, huna haja ya kuambiwa kwa nini. Wanga unazama chini, maji yanamwagwa polepole, na ule wanga mweupe unarudishwa kwenye viazi. Pasipo huo, donge halishikani.

Mama alipanda juu kubadilisha gauni. Mimi nilitoka kuchukua kuni. Niliporudi, Gundula alikuwa kwenye sinki anasuuza bakuli, limeng'aa kama sahani ya harusi.

"Dada! Umemwaga nini?"

"Maji machafu. Kwani ulitaka kuyanywa?"

Hivyo ndivyo alivyosema, na kucheka juu yake. Miaka yote ya kuishi Hamburg, viazi vyake vinatoka kwenye pakiti. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe yake, Mama akaingia. Alitazama bakuli, akatazama viazi, akanishika mkono kwa nguvu.

"Nyamaza, Reinhild. Wageni wako mlangoni."

Jumapili maduka yamefungwa, na unga wa wanga wa dukani haujapata kuvuka kizingiti cha Mama. Akafinyanga madonge vilevile, na vipande vyake vya mkate uliokaangwa kwa siagi katikati, akayatia kwenye maji ya moto. Yakayeyuka yote. Tulichopeleka mezani kilikuwa uji wenye mkate unaoelea.

Mjomba Lothar, asivyo na haya, akachota kijiko akakiinua juu. "Dada yangu, hiki nikile kwa uma au nikinywe kwa mrija?"

Meza nzima ikacheka. Gundula hakucheka. Alimpapasa Mama bega kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa, akasema mbele ya wote, "Si nilisema? Mikono imechoka. Mwanamke wa huku akishindwa madonge, ndiyo basi."

Mama akasema, "Labda ni kweli." Akaongeza watu mchuzi.

Tulipobaki wawili jikoni nilimuuliza kwa nini amejibebesha aibu isiyo yake. Akanijibu huku anafuta sufuria, "Afadhali waseme mimi nimezeeka, kuliko waseme binti yangu hakufunzwa jiko." Huyo ndiye mnayetaka kumfungia mlango, Eckart. Mimi sina huruma ya namna hiyo. Kesho yake nilimwambia Gundula wazi alichomwaga. Aligeuka mwekundu mpaka masikioni, halafu akasema natafuta visingizio, na kwamba wewe umeshakubali. Akapanda treni. Kwa hiyo sasa anajua, na bado ananyamaza.

Jumapili iliyofuata Mama alipika tena, mimi na yeye tu. Madonge yalikuwa meupe, mazito, yanateleza chini ya uma. Nilikula mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Mama hakula vizuri. Alisema, "Eckart akisema niende, nitakwenda. Yeye hana sababu ya kunidanganya."

Atakupigia Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwishoni mwa mwezi huu, baada ya ibada. Habari ya bakuli hatakwambia, wala usimtajie, kwa sababu ameificha kwa gharama kubwa. Atakuuliza tu, "Mwanangu, waonaje?" Ukimwambia abaki nyumbani kwake, nitakusamehe, tena haraka. Ukimwambia aende, basi njoo umfungie mizigo kwa mikono yako. Mimi sitakunja hata shuka moja.

Wasalimie Marlies, Birte na Jörn, hao hawana kosa. Mjomba Lothar anakusalimu. Gundula hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Mungu akujalie afya, na akupe akili kabla simu haijalia.

Wako akupendaye, mwezi huu kwa taabu,

Dada yako Reinhild