Bado Anajifunza

Jumatatu, 3 Novemba
Miwani jozi kumi na moja leo. Mimi saba, Wafula nne. Zake zote safi. Miaka tisa alikuwa mlinzi wa jengo hili, akitufungulia mlango. Sasa ana arobaini na tatu, mwaka mmoja tu kwenye mashine ya kukatia lenzi, na mkono wake hautetemeki. Bosi amepeleka jina lake kwenye chuo cha ufundi anakosomea, kwa tuzo ya mwanagenzi bora wa watu wazima. Sherehe ni wiki ijayo, mjini. Nimefurahi, mimi ndiye nimemfundisha. Wivu pia upo, kidogo. Miaka ishirini na miwili sijawahi kupigiwa makofi.

Jumatano, 5 Novemba
Siku mbaya. Mteja wa wiki jana, mwalimu mstaafu, amerudi na bendeji mkononi. Alikosa ngazi hapa Adams Arcade akaanguka. Bosi akapima miwani yake. Lenzi ya kulia iko kushoto, ya kushoto iko kulia. Akaja nayo huku nyuma kwenye karakana. Wafula alikuwa ametoka kununua maziwa ya chai.

"Hii ni kazi ya Wafula, si ndio?"

Niliijua ile miwani. Fremu ya kahawia, skrubu nilibadilisha mwenyewe. Nikasema, "Bado anajifunza."

Maneno mawili. Si uongo. Ni uongo.

Macho yangu yameanza kuchoka tangu Pasaka na sijamwambia mtu. Fundi wa miwani asiyeona vizuri. Nani atamweka?

Alhamisi, 6 Novemba
Bosi amepiga simu chuoni, jina limeondolewa. Cheti atapata kama wengine. Tuzo, hapana.

Wafula alikuja kuniomba msamaha. Mimi!

"Mwalimu, nimekuangusha. Najaribu kukumbuka hiyo jozi, nashindwa. Lakini kama ni mimi, ni mimi."

Nikamwambia hayo hutokea. Nikaenda chooni nikajifungia.

Jumatatu, 10 Novemba
Amemaliza jozi mbili tu tangu asubuhi. Anapima, anapima tena, anaandika, anafuta. Saa ya chai akasema labda arudi geti, kule akikosea hakuna mtu anaanguka. Nilipaswa kusema pale pale. Nikamwongezea chai.

Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Ijumaa, 14 Novemba
Sherehe. Ukumbi wa kanisa, si mbali na River Road, viti vya plastiki, spika inakwaruza. Wasusi, wapishi, mafundi umeme, vijana na watu wa makamo, kila mmoja na mtu wake wa kumpigia picha. Tuzo ya watu wazima ikaenda kwa mama mmoja fundi bomba kutoka Kawangware. Wajukuu wake walipiga vigelegele mpaka mwendesha sherehe akacheka. Anastahili. Wafula alipiga makofi kuliko wote. Alipoitwa kwenda kuchukua cheti alipanda jukwaani na suti ya kuazima, akashuka haraka kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kisha mkewe, Mama Nekesa, akanifuata. Wamekuja kutoka Kabiria, yeye na binti yao. Akanishika mikono yote miwili.

"Madam, asante kwa kumvumilia. Hata baada ya lile kosa, hukumfukuza. Tunakutaja kwa maombi kila siku."

Pilau nilirudisha haijaguswa. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimesema.

Kwanza kwa bosi, pamoja na habari ya macho. Akanipa simu nimpigie yule mwalimu mstaafu mwenyewe. Nikampigia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema mkono unapona, akakata.

Kisha Wafula. Nilitarajia anipigie kelele. Aliangalia viganja vyake.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe. Ni mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nisamehe."

"Siku kumi nimekuwa nikiogopa hii mikono yangu, Mwalimu. Siku kumi."

Akavaa koti akatoka.

Jumatatu, 17 Novemba
Bosi amewaambia wote dukani, nikiwa nimesimama hapo hapo. Sikuinua uso. Chuo kimesema tuzo ikishatolewa imetolewa. Wafula ameandikwa kazi rasmi kuanzia leo, na karakana ni yake. Mimi niko mbele kwenye kaunta hadi nimwone daktari wa macho, Alhamisi.

Wafula alinisalimia, "Habari ya asubuhi," basi. Ni haki yake.

Wateja walikuwa wachache. Nilipanga fremu, nikafuta kioo. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Mashine yake haikusimama mpaka saa saba.