Mvinyo wa Mama wa Haneti

Makole, Dodoma
28 Desemba 1995

Mpendwa dada Miriam,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto hapo Tabora. Sisi hapa tunapumua. Lea amepona malaria, na mdogo wake Cornel ameacha kumsubiri baba yake mlangoni jioni.

Uliniuliza Krismasi yetu ya kwanza bila Zablon imekwendaje. Unajua mume wangu alivyokuwa. Kila mwaka alimpelekea mama yake kule Haneti chupa ya mvinyo wa hapa hapa Dodoma. Alikuwa akitoka nayo nje ya duka, anainyanyua juani aone rangi yake, hata wateja wanacheka. Nikaona mwaka huu niipeleke mimi.

Kwa kweli niliogopa. Siku ya arobaini shemeji Elieza, ndugu yake Zablon, alisema mbele za watu kwamba mjane akirudi na zawadi, basi kuna shamba analolitolea macho. Mama mkwe alikaa kimya, na tangu siku ile sikupata salamu zake. Nikajiambia, akiipokea chupa, mimi na watoto bado ni wa kwake. Akiikataa, nitakuwa nimejua.

Dukani kwa Marko siku hizi rafu zimejaa chupa za Afrika Kusini. Marko alinitania kwamba biashara imefunguliwa nchi nzima ila mimi bado nimejifungia, nimpelekee bibi kitu cha nje ili majirani wajue ana mkwe wa mjini. Nilizishika, nikazirudisha. Nikachukua nyekundu ya hapa, ile tamu, maana Zablon alikuwa akisema mama yake haipendi ile kali.

Haneti, mimi na watoto tulimkuta mama mkwe anapanda uwele. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa Kigogo changu kibovu, nikamnyooshea chupa. Hakuipokea. Alikwenda kwenye ndoo akaanza kunawa mikono, polepole, nami machozi yakanilengalenga. Kisha akarudi, akaishika kwa mikono yote miwili, akaniita chumbani kwake, akaniambia niinue shuka lililoning'inia kitandani.

Dada, chini ya kitanda kulikuwa na chupa zote za Zablon. Hata moja haijafunguliwa, bado zimeviringishwa katika gazeti. Mama alisema hajaonja kileo tangu alipookoka akiwa msichana. Kila mwaka alimwambia mwanawe kwamba mvinyo wa mwaka uliopita ulikuwa mtamu sana, na kila mwaka alitubu uongo huo. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia ukweli. Akasema kama angemwambia, Zablon angemletea sukari kama watoto wake wengine, aiweke mezani na kuwahi basi. Lakini kwa mvinyo alikuwa akikaa naye mpaka jua linazama, anamweleza alivyouchagua, na yeye anamtazama tu uso wake.

Tulilia sote wawili. Alipotulia aliisukuma chupa yangu kando ya zile nyingine, akaketi kitandani, akapapasa godoro pembeni yake.

"Haya, Mama Lea," akasema. "Hii umeichaguaje?"

Nisalimie shemeji, umwambie maombi yake tunayahisi. Lea na Cornel wanakuamkia, na mama wa Haneti naye amenituma nikufikishie salamu zake.

Ni mimi mdogo wako,
Hilda