Magnolia ya Ndoo ya Rangi

Jumapili, 3 Machi
Tumba! La kwanza! Liko juu kabisa, lina manyoya laini kama sikio la paka. Miaka saba mti huu wa magnolia uko roshani kwenye ndoo ya rangi, haujatoa ua hata la kusingiziwa. Mke wangu ndiye aliyeupanda. Akaungoja miaka mitano, akafariki bila kuona kitu. Leo nimeita kwa sauti, "Njoo uone!" – halafu nikakumbuka. Nimeona aibu, mtu mzima mimi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeuhamisha. Ndoo imepasuka ubavuni, mizizi inachungulia. Nimenunua pipa kubwa. Kuutoa – jasho! Mizizi imejizungusha humo ndani, minene, laini kama vidole. Sasa mimi fundi cherehani wa miaka arobaini, siwezi kuona kitu kinaning'inia nikakiacha. Nikachukua mkasi wangu wa kazi, nikapunguza pande zote, nikaiweka sawa kama pindo la suruali. Kazi safi. Maji ndoo mbili juu yake.

Jumatatu, 11 Machi
Majani yanageuka njano. Nimeongeza maji. Jirani wa chini amegonga mlango: nguo zake zimelowa mara ya pili, kwani nafuga samaki huku juu? Nimecheka, nikamkaribisha chai. Akasema siku nyingine. Nilikuwa nimeshatoa vikombe viwili. Nimevinywa vyote mimi.

Alhamisi, 14 Machi
Tumba limeanguka. Nimelifunga kwenye kitambaa, mbio mpaka kwa muuza miche. Akauliza nimeufanya nini. Nikamweleza habari ya mkasi. Akashika kichwa! Mzee wangu, magnolia haikatwi mizizi, ikijeruhiwa inaoza upesi, na wewe ukaizamisha kabisa! Maji kidogo tu sasa, kivuli, na usiusogeze hata hatua moja msimu mzima. Huenda ukapona, huenda usipone. Haraka haraka haina baraka, akaongeza. Haraka gani – miaka saba!

Nimelia njiani, watu wananitazama. Kila alichoniachia mke wangu ni nguo na vyombo. Kilichokuwa hai ni hicho kimoja, nami nimekikata kwa mkono wangu.

Ijumaa, 15 Machi
Binti yangu amepiga simu. Ameshakata shauri: Jumamosi ya wiki ijayo yeye na mumewe wanakuja na gari, nikaishi kwao. Baba, ukianguka humo ndani nani atakuokota? Anasema kweli. Lakini kwao wote hutoka asubuhi, hurudi jioni. Nitakaa kwenye kochi la watu, naangalia ukuta wa watu. Upweke wa hapa angalau nimeuzoea, najua hata kona zake.

Nikamwambia mti ni mgonjwa, mwenye kujua amekataza usisogezwe. Akasema: haya baba, kama mti uko hai utabaki nao msimu huu. Mti ukifa, unakuja. Tumekubaliana hivyo.

Jumatano, 20 Machi
Majani yamekwisha. Najizuia nisimwagilie. Kutwa nzima sina la kufanya. Nimekata kifungo kizima kwenye shati, nikakishona tena.

Jumamosi, 23 Machi
Asubuhi, kabla hawajafika, nimekwaruza gome kwa kucha. Tawi la juu – kavu. La chini – kavu. Shina – kahawia. Nikafukua udongo. Mizizi imeoza, inanuka. Umekufa. Nimekaa sakafuni pembeni ya pipa mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikaurudishia udongo wake na kunawa mikono.

Binti amepanda peke yake, mumewe kabaki garini. Hajakaa, akauliza: vipi mgonjwa wako? Mdomo ukanitangulia. Anapumua, mama, nikasema. Ndani bado mbichi.

Akatoka roshani. Akauangalia muda mrefu – fimbo tupu ndani ya pipa! Kisha akageuka akaniangalia mimi. Nilidhani atacheka. Nilidhani ataanza kufungasha. Badala yake akampigia mumewe simu: wewe rudi tu na gari, mimi nalala hapa siku mbili tatu, baba hawezi kuuguza peke yake.

Nimeingia chumbani nikasema natafuta miwani. Miwani ninayo usoni. Namsikia anavua viatu, anafungua bomba jikoni, anajaza kata. Mtoto wangu si mjinga, hajawahi kuwa mjinga. Sasa yuko roshani, ananiita: "Baba! Leo tunaupa maji kiasi gani?"

Anaita tena.