Talaka ya Kwenye Televisheni

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Nimefagia ua mara mbili. Taka hakuna. Nimo edani, sitoki, basi mikono inajitafutia kazi. Mbaazi nimechagua, maji nimejaza hata kwenye masufuria ya harusi. Likoni yote inapita nje ya dirisha langu, nami nasikia viatu tu.

Mwanasiti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kaja na habari. Jumapili jioni televisheni itarudia mchezo mmoja wa marehemu mume wangu Athumani, kumkumbuka. Hakusikia ni upi. Athumani kacheza mlevi, mganga wa uongo, karani mla rushwa, mwenye nyumba asiye na huruma. Mkubwa wa mchezo hakuwa hata siku moja. Huingia, huharibu mambo, hutoka. Watu wakamkumbuka yeye, mkubwa wakamsahau. Nyumbani alikuwa mpole hadi akinichosha.

Natamani kumwona. Naogopa kumwona.

Jumatano, 7 Agosti

Shemeji Swaleh, kaka yake mkubwa, kaja na wazee wawili. Wao barazani, mimi nyuma ya pazia. Nimewaamkia. Swaleh kaitikia nusunusu, kisha: "Zuhura, hii eda unayokaa si yako. Athumani alikuacha zamani, na Likoni nzima ilisikia."

Anausema ule mchezo wa mlevi anayemwacha mkewe. Mke wa mchezoni aliitwa Rehema. Ulimi wa Athumani ukateleza, akasema, "Zuhura, nimekuacha. Talaka tatu." Swaleh anasema talaka haina mzaha. Kwa hiyo tangu siku ile tumekaa haramu, mimi si mjane wa mtu, na nyumba irudi kwao.

Namwonea kinyaa. Kila Idi alikula pilau yangu humu humu, na haramu haikumkwama kooni.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikula. Uji umepoa mezani, nimeumwaga.

Mchezo ule ulipotoka tuliutazama kwa Mwanasiti, chumba kimejaa. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Watoto wakanipigia kelele njiani miezi, "Zuhura, nimekuacha!" Mwanasiti akiniuliza kila asubuhi kama nimeshafunga virago. Mimi mwenyewe nilicheka. Athumani peke yake hakucheka. Aliondoka katikati, akaenda zake msikitini.

Lakini kuna jambo Swaleh halijui. Wiki aliyokwenda Athumani Nairobi kurekodi mchezo ule, tuligombana vibaya. Alitaka tuhamie huko, nami nikakataa katakata. Kapanda treni hatujaagana. Basi alipolitamka jina langu, moyoni alikuwa na nini? Nyumba waichukue, nitakwenda kwetu Mtongwe. Hili ndilo linalonila. Nilikuwa mke wake mpaka mwisho, au sikuwa?

Ijumaa, 9 Agosti

Mwanasiti kanipelekea swali kwa Maalim Bakari anayesomesha madrasa yetu. Jibu limekuja baada ya swala. Mtu aliyepewa maneno aigize hamwachi mkewe kwa maneno hayo. Ila jina la mkewe halikuwemo katika aliyopewa. Hapo pana nia, na nia kaondoka nayo mwenyewe. Kama Jumapili ni mchezo ule, Maalim atakuja autazame kwa macho yake kabla hajasema neno.

Maalim Bakari hajapata kukaa mbele ya televisheni maisha yake. Swaleh kasema naye atakuja.

Jumamosi, 10 Agosti

Chumbani, uani, chumbani. Miguu imevimba. Nimemkasirikia maiti, Mungu anisamehe. Mtu aliyekuwa akikariri maneno ya wenziwe wote, hata ya wanawake. Akosee neno moja tu, na liwe lile.

Jumapili, 11 Agosti

Televisheni ya Mwanasiti na betri yake ya gari zimewekwa ukumbini kwangu, mlango wazi. Wanaume barazani. Mimi na Mwanasiti nyuma ya pazia la chumba, tumeacha upenyo.

Ndio ule ule.

Kaingia akipepesuka, shati nje, kiatu kimoja. Nikacheka kabla sijakumbuka kulia. Kisha akamnyooshea yule mwanamke kidole, akasema. Jina langu. Nimekuacha. Talaka tatu.



Nilikuwa simtazami mlevi, namtazama Athumani. Kasimama wima, kasahau hata kupepesuka. Kidole kimebaki hewani. Uso umemshuka kama mtu aliyeangusha mtoto. Maneno yaliyofuata yakampotea yote, yeye ambaye hayampotei, mpaka yule mwanamke akamnong'oneza ndipo akarudi ulevini. Siku zile tulikuwa tunacheka, hakuna aliyemtazama.

Maalim akaomba izimwe. Akasema, "Huyu ameghafilika. Aliyekusudia hashtuki namna ile. Bi Zuhura, kaa eda ya mumeo." Swaleh akataka kubisha. Wazee aliokuja nao mwenyewe wakamwambia basi, inatosha. Kavaa viatu, kahawa hakunywa.

Nimelia hadi Mwanasiti akanishika mabega. Kwikwi bado ninayo.

Jumanne, 13 Agosti

Manyunyu asubuhi. Nimelala mchana, mara ya kwanza tangu azikwe. Mke wa Swaleh kaleta changu wawili, nimepokea, tumeongea ya samaki tu.

Namfikiria pale Nairobi. Amenuna, hatujaagana, amepewa jina la mke mwingine aliseme. Likatoka langu, kwa kuwa akisema "mke" hakuwa na jingine.